Bibi Harusi Aliyeonekana Bustanini na Hali Yumo Ndani

"—uso wazi! Uso wazi, wallahi, mchana kweupe, katikati ya bustani ya Serikali, na fungate haijesha!"

Sauti ni ya Bi Thuraiya binti Sleiman, na unaopigwa ni mlango wa watu. Anaupiga kwa viganja vyote viwili. Ni saa nne asubuhi hapa Wete, na mtaa mzima umeacha kupepeta mchele.

Na si kelele tu zilizoushtua mtaa. Bi Thuraiya ana miaka hamsini na mbili, na hakuna jirani aliyewahi kumwona nje kabla ya magharibi. Leo katoka! Katoka peke yake, buibui kalivaa upande, kiatu kimoja chake na kingine cha mtumishi, na mkononi kashika bahasha ya kaki.

"Mwanakhamis! Fungua, ama niuvunje!"

Mlango unafunguliwa. Anayetokeza ni mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na sita, vidole vimeingia rangi ya hudhurungi kwa dawa za kuoshea picha. Huyu ndiye Mwanakhamis Ngwali, mpiga picha wa wanawake, wa pekee Wete nzima.

"Bi Thuraiya! Kuna msiba?"

"Msiba ungekuwa nafuu. Kwenye msiba watu huja kukupa pole. Hili watakuja kunicheka!"

Anaichomoa picha kutoka kwenye bahasha aliyoletewa na Mwanakhamis mwenyewe, na kumsogezea mpaka puani.

Jamani! Ndani ya picha ile kakaa Badriya, mke mpya wa mwanawe Thuwein, binti wa miaka kumi na tisa. Kavaa dhahabu zake, kichwani kajaa asumini, mikono ya hina kaiweka mapajani. Nyuma yake ni mlangilangi wa bustani ya Serikali. Pembeni yake ni benchi la mawe la bustani ya Serikali. Na juu yake, kushoto kwake, kulia kwake, wametapakaa vipepeo weupe wasiohesabika.

Badriya anatabasamu.

Tatizo ni kwamba harusi ilikuwa siku tatu zilizopita, na asiyejua fungate Pemba nani? Siku saba bibi harusi haoni jua isipokuwa la uani kwao. Yumo ndani na mumewe, na somo aliyemfunda, Bi Mwatima, amelala mlangoni kama kufuli. Bibi harusi wa fungate kuonekana bustanini, kichwa wazi, mbele ya makarani na wapita njia, ni jambo ambalo halina hata jina.

"Ile bustani naijua," Bi Thuraiya anasema, na sauti sasa imeshuka, na ikishuka ndiyo inatisha zaidi. "Dirisha langu la juu linaitazama. Miaka ishirini naitazama. Tawi lile nalijua, benchi lile nalijua, ufa wake naujua. Usinambie si penyewe."

"Sisemi si penyewe, Bi."

"Basi nambie ulimtoaje mtoto wa watu ndani. Saa ngapi, kwa mlango upi, na nani kamwona. Thuwein hajaiona picha hii. Akisali alasiri namwita na kumwonyesha. Talaka itatoka kabla ya siku ya saba, na mie sitamzuia."

Saa nne asubuhi mpaka alasiri. Huo ndio muda aliopewa Mwanakhamis kuokoa ndoa ya siku tatu.

"Nilishtuka kuliko yeye," anasema mwenyewe sasa, akikumbuka. "Kwa sababu mie nami nilikuwa naiona picha ile kwa mara ya kwanza! Badriya nilimpiga picha ndani, uani kwao. Bustanini nilipiga vipepeo, na hapakuwa na mtu. Sasa huyu kafikaje?"

Hapo msomaji atauliza: mpiga picha gani asiyeijua picha aliyoiosha kwa mkono wake?

Inabidi kumjua Mwanakhamis. Kazaliwa Vitongoji, kwa baba mkulima wa muhogo. Aliolewa Wete na Abrahman, aliyekuwa na kiduka kidogo cha picha. Mumewe alifariki mwaka 1949, akamwachia kamera moja ya sanduku, mabeseni matatu na chupa za dawa. Wanaume watano walikuja kuitaka kamera ile, wawili kati yao na posa juu. Wote aliwarudisha.

"Nilijiuliza, wanawake wa mji huu nani anawapiga picha? Hakuna. Mpiga picha mwanamume hapiti ukumbini. Mtu anazaliwa, anaolewa, anakufa, na mwanawe hana hata karatasi ya kumkumbukia uso."

Akaanza nyumba kwa nyumba. Wanawake wengine walisema picha inaiba damu, wengine walisema itaanguka mkononi mwa wanaume. Naye akaweka masharti yake, na hayo masharti ndiyo yaliyomfungulia milango. Anaingia peke yake. Anaosha mwenyewe, kwenye stoo yake aliyoziba kila tundu kwa matambara. Na kamera ikishameza sura ya mtu haifunguliwi jicho njiani: inaviringwa kanga, inatoka uani kwa bibi harusi na kuingia moja kwa moja gizani.

Lililobaki ni la jicho la husuda. Bibi harusi akiumwa baada ya harusi, watu huulizana nani alimkodolea macho. Basi Mwanakhamis hamtazami bibi harusi mara mbili. Anapoosha, kwenye ile taa yake nyekundu iliyofifia, akishaona uso umetoka anasema mashaallah, anaigeuza picha kifudifudi juu ya kanga ikauke, na kifudifudi vivyo hivyo anaitia bahashani. Miaka kumi na moja hajavunja sharti hilo.

"Nikaona weupe weupe kichwani mwa Badriya," anasema. "Nikajua asumini!"

Kazi hii haimtajirishi. Msimu wa karafuu, harusi zikipandana, hupata shilingi themanini kwa mwezi. Masika yakiingia hupita wiki nne bila hata picha moja, akasuka ukili na kuuza mikeka. Lakini mlango anaopita Mwanakhamis hapiti mtu mwingine, na mali yake yote ni hiyo: kuaminiwa.

Sasa turudi mlangoni, kwa sababu Bi Thuraiya hajaondoka na jua linapanda.

Mwanakhamis anaichukua picha, anaipeleka kwenye mwanga, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake anamkodolea macho bibi harusi wa watu. Anatazama. Anaisogeza karibu. Kisha anauliza polepole:

"Bi Thuraiya, hebu tazama hapa. Tawi hili la mlangilangi limepita wapi?"

"Limepita..." Bi Thuraiya anakunja macho. "Limepita kifuani."

"Limeingia huku, limetokea kule. Mtu gani hupitwa na tawi kifuani, na huku anatabasamu?"

Kisha mama wa watu anarudi nyuma hatua mbili, mkono mdomoni.

"Jini! Mwanangu kaoa jini!"

"La ilaha illallah!" inaitika sauti nyingine juu ya ukuta. Ni Bi Time, jirani wa uani, ambaye tangu mlango upigwe hodi ya kwanza kasimama juu ya kinu na ungo mkononi, mchele wote ushamwagika. "Mie nilisema! Msichana mweupe vile, nyayo zake mlizitazama?"

Hapo ndipo Mwanakhamis alipofahamu kilichotokea, na ndipo alipoona pia njia mbili mbele yake.

Moja ilikuwa nyepesi mno. Akae kimya tu. Jini lishatajwa, na si yeye aliyelitaja. Jina lake la mpiga picha lingebaki safi, tena lingevuma: kamera inayoona majini! Na Badriya angerudishwa kwa mama yake, akasomewe, na mpaka anakwenda kaburini watu wangekuwa wanamtazama nyayo.

Njia ya pili ilikuwa kusema kweli, na kweli yenyewe ingemfungia kila mlango wa Wete.

 

Akasema: "Si jini, Bi. Ni mie."

Ilikuwa hivi. Siku ya kumwonyesha bibi harusi kwa wanawake, Mwanakhamis alitundika uani lile buibui lake kuukuu jeusi, kama atundikavyo siku zote, ili dhahabu zionekane. Akamweka Badriya mbele yake. Kamera yake hupiga picha nane kwa filamu moja, na kila ukishapiga lazima uzungushe kishikio cha pembeni, filamu isogee, mpaka namba nyingine itokeze kwenye kidirisha chekundu cha nyuma. Usipozungusha, sura ya pili inakaa juu ya sura ya kwanza.

Ya saba akapiga. Na kama ilivyo desturi, bibi harusi akishapigwa picha nzuri, vigelegele! Na vigelegele vikishapigwa, marashi! Shangazi wa Badriya alikuja na mrashi wa fedha, akinyunyizia kila kichwa, na marashi na kamera havipatani hata kidogo. Tone moja likiingia kiooni, kazi imekwisha.

"Nikaiviringa kanga haraka. Kila siku nazungusha kwanza, ndipo naviringa. Siku ile shangazi alikuwa na mkono mwepesi. Niliviringa kabla sijazungusha."

Kosa la nukta moja! Na kosa hilo peke yake lisingemdhuru mtu, lau angekwenda moja kwa moja nyumbani, kama masharti yake yanavyotaka.

Lakini alipopita bustani ya Serikali, akawaona.

Walikuwa wanatokea upande wa mashariki, Kiuyu huko, mvua ya vuli ikiwa ndiyo kwanza imeanuka. Vipepeo weupe, weupe wenye umanjano kidogo kama samli mpya. Si kumi, si mia. Wakipita kimo cha goti mpaka kimo cha paa, wote uso upande mmoja, kama watu wanaowahi sala ya Ijumaa. Hakuna aliyegeuka. Waliochoka walitua kwenye mlangilangi na kwenye benchi, wakapumzika kidogo, kisha hao. Mtunza bustani, Bwana Jecha, alikuwa kasimama katikati yao, ufagio ameuacha hewani.

"Jecha kaniuliza, 'Bi Mwanakhamis, niwafagie ama niwapishe?' Nikamwambia, 'Wapishe, baba, wapishe, hao ni wasafiri!'"

Mara ya kwanza aliwaona Vitongoji akiwa na miaka tisa, akiwa juu ya mabega ya baba yake. Miaka mitatu baadaye akawekwa ndani, kama wasichana wote. Tangu hapo, kila nyumba aliyoingia na kamera yake amewasimulia wanawake juu ya vipepeo wale, na kila nyumba wakamcheka. Mdudu anasafiri? Anakwenda wapi, kwa shangazi yake? Bi Thuraiya mwenyewe alimwambia mwaka juzi, "Mwanakhamis, unapiga picha vizuri lakini unasema uongo vizuri zaidi."

Kwa hivyo alitaka picha. Moja tu, ya kuwatia machoni wale wanaocheka. Na kwa hesabu yake filamu ilikuwa na nafasi moja iliyobaki, ya nane. Alifungua kanga, akaelekeza, akabonyeza. Kidirisha chekundu hakukitazama.

"Nani angetazama nyuma," anauliza, "na mbele kuna mambo kama yale?"

Alipoosha, ya nane ikatoka nyeupe tupu. Usiku ule alilala na huzuni, akidhani vipepeo wamemkimbia. Kumbe wamekwenda kutua kichwani mwa bibi harusi.

Hayo yote akamweleza Bi Thuraiya, wameshaingia na kukaa mkekani uani. Bi Thuraiya akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa.

"Mwanakhamis. Miaka kumi na moja unatwambia nini? 'Picha haisemi uongo.' Ulinambia mie, ukamwambia mama yangu, Mungu amrehemu. Leo nimekukamata na picha, unanambia picha imesema uongo?"

"Ndiyo, Bi."

"Basi ama ulitudanganya miaka yote, ama unanidanganya sasa. Chagua."

Loo! Mtego wake mwenyewe, kautega kwa mkono wake, leo umemnasa mguu.

Bi Time juu ya ukuta hakusaidia. "Bi Thuraiya, mwambie akuweke na weye bustanini, umekaa hapo hapo mkekani, tuone!"

Alisema kwa kejeli. Lakini Bi Thuraiya aligeuka, akamtazama jirani, akamtazama mpiga picha.

"Kasema kweli. Niweke mie. Niweke bustanini nami sijatoka hapa. Ukiweza, Badriya ni mwanangu na nitamwomba radhi. Ukishindwa, alasiri ndiyo hiyo inakuja."

Nyumbani kwa Mwanakhamis ilikuwa imebaki filamu moja. Nyingine zilikuwa zinakuja na meli ya Unguja, Jumanne. Hiyo moja alikuwa kaiweka kwa ajili ya vipepeo, maana walikuwa bado wanapita wachache wachache, wa mwisho mwisho. Akaitia ndani ya kamera.

Akatundika buibui jeusi uani. Bi Thuraiya akavua lake, akalikunja, akakaa kwenye kigoda na kanga zake za nyumbani, nywele za kijivu zimesukwa mistari miwili. Hajawahi kupigwa picha maishani mwake.

"Uso niufanyeje?"

"Uache tu ulivyo, Bi."

"Nimeuacha ulivyo miaka hamsini na mbili, haujanisaidia kitu."

Na hapo, bila kutaka, akacheka. Mwanakhamis akabonyeza wakati uleule.

Hakuzungusha. Aliviringa kanga makusudi, akifanya kwa hiari kosa lililomponza. Akatoka mbio. Bi Time akashuka kwenye kinu, akavaa buibui lake, akamfuata kama shahidi, ili baadaye asiseme mtu kwamba Bi Thuraiya alitoroshwa kupitia dirishani.

Bustanini vipepeo walikuwa wamebaki kama makombo baada ya karamu. Kumi hapa, watano pale. Benchi lilikuwa tupu. Bi Time alilizunguka, akalipiga kwa kiganja, akachungulia chini yake.

"Hapana mtu," akatangaza. "Jini wala insi."

Mwanakhamis akaelekeza. Akashusha pumzi. Akabonyeza. Na katika nukta ileile akamwona Bwana Jecha! Alikuwa anafagia majani nyuma ya mlangilangi, na kwa pembe ya jicho kaona kamera. Mtu wa Pemba akiona kamera hakimbii wala hajifichi, husimama kama askari. Jecha alivua kofia, akaiweka kifuani, akasimama wima pembeni ya benchi, ufagio begani.

"Jecha! Umefanya nini?"

"Nimesimama vizuri, Bi. Sikutikisika hata kidogo."

Hapakuwa na muda wa kupiga tena. Adhuhuri ilishaadhiniwa.

Stoo ya Mwanakhamis haina nafasi ya watu wawili. Siku ile waliingia watatu, wamebanana kama dagaa, mlango umezibwa kwa mikeka, taa nyekundu juu ya rafu. Filamu ikaoshwa. Hakungoja ikauke, Bi Time aliipepea kwa kawa la chakula mpaka mkono ukafa ganzi. Ikalazwa juu ya karatasi ingali mbichi, ikapewa mwanga, karatasi ikatumbukizwa beseni la kwanza.

Wakainama wote.

Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha, polepole, kama mtu anayetoka ukunguni, ukatokea uso. Uso wa mwanamke anayecheka.

"Ni mie," Bi Thuraiya akanong'ona. "Ndivyo nilivyo?"

Kisha likatokea tawi la mlangilangi. Likatokea benchi, na ufa wake. Kipepeo mmoja juu ya bega, mwingine karibu na sikio. Bi Thuraiya binti Sleiman, ambaye kwa miaka ishirini ameiona bustani ile kwa juu tu kupitia tundu za dirisha, alikuwa amekaa katikati yake, kichwa wazi, anacheka!

Kidole chake kilikuwa juu ya maji, hakikugusa.

Halafu pembeni ya picha kikatokea kitu kirefu chembamba. Ufagio. Halafu kofia. Halafu—

"Astaghfirullah! Jecha!"

"Kasimama vizuri," alisema Bi Time, na hapo akashindwa kabisa, akaegemea ukuta, akacheka mpaka chozi likamtoka. "Wallahi bwana na bibi harusi! Nani kawaoza?"

"Nyamaza, Time! Nyamaza, nakwambia, nikitoka humu nitakutia dawani!"

Lakini naye alishaanza kutikisika mabega. Wanawake watatu, stoo ya giza, hewa imejaa harufu ya siki, na cheko lao lilisikika mpaka barabarani.

Picha ilipokauka, Bi Thuraiya aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama kwa muda mrefu. Akaikunja pale benchi linapoishia, akaichana taratibu. Nusu yenye Jecha akamrudishia Mwanakhamis.

"Huyu mpe mkewe." Nusu yake akaitia kifuani.

Kisha akakunja uso tena, na mzaha ukakatika.

"Badriya sina neno naye. Lakini weye, Mwanakhamis, una neno na mie. Ulitoka uani kwa watu, na mwari wao yumo tumboni mwa kamera, ukamfungulia jicho bustanini. Kwa ajili ya wadudu. Ulituahidi."

"Niliahidi, Bi. Nimevunja."

"Nitawaambia wenzangu. Sitawaficha. Wakikufungia milango, usije kunililia."

"Waambie, Bi."

Akajitanda buibui lake, safari hii sawasawa, akaondoka kwenda kwa mkwewe Badriya kabla muadhini hajapanda. Thuwein hakuitwa. Mpaka siku ya saba inakwisha, mume mpya hakujua kwamba ndoa yake ilikuwa imelala saa tano nzima kwenye beseni la maji.

Mwanakhamis aliingia ndani, akaifuta kamera, akaiweka juu ya kabati, akaanza kuloweka ukili. Alijua kazi ya picha imekwisha.

Siku ya kwanza hakuna aliyekuja. Siku ya pili hakuna. Siku ya tano, fungate ishakwisha, baada ya magharibi, akapiga hodi Bi Mwatima, yule somo wa Badriya.

"Nimetumwa na bibi harusi. Kasema ile picha yake mama mkwe kampa, anayo, na mtu asijaribu kuja kuichana."

"Kasema hivyo?"

"Kasema yumo ndani tangu ana miaka kumi na miwili, vipepeo anawasikia kwako tu na alikuwa akicheka. Sasa kila asubuhi anawahesabu. Kafika mia na kumi na saba, kisha anakosea, anaanza tena." Bi Mwatima akasogea karibu. "Na mie, shoga, nilipokuwa nalindishwa mlango, sikupigwa picha. Huwezi kuniweka nami bustanini?"

Wiki ile wakaja wengine wanne. Mmoja anataka kukaa bustanini. Mwingine anataka kuwekwa barabarani, mbele ya soko, saa nne asubuhi, samaki wanaponadiwa. Bibi mmoja wa Wambaa katuma salamu: yeye anataka kukaa chini ya mkarafuu wake mwenyewe, ule unaotengwa na nyumba yake na mnazi mmoja tu, aliorithi kwa baba yake na hajauona kwa miaka thelathini.

"Sasa nawaambia kweli tangu mlangoni," anasema Mwanakhamis, akiinua kamera yake na kuipuliza vumbi. "Picha husema uongo ukiiamrisha. Kwa hivyo nataka niulizwe kwanza, na mwenyewe aamrishe. Sharti langu la zamani, la kutofungua jicho njiani, nimelifuta, nimeweka hilo."

Mwakani, vuli ikianuka, atakuwa bustanini na filamu mbili nzima, zisizo na bibi harusi ndani. Anataka picha moja kubwa ya vipepeo ya kutundika skuli ya wasichana, ili mtoto akisema kawaona asiitwe mwongo. Na Jecha kashapewa sharti: akiona kamera, akimbie.

Hivi sasa ni alasiri, na kwenye beseni la mwisho stooni kuna picha moja inaelea kifudifudi. Meli imeleta filamu, na wa kwanza kuja, jana kabla ya magharibi, peke yake tena, alikuwa Bi Thuraiya. Safari hii hakutaka bustani.

"Kanong'ona sikioni pahala anapotaka kuwekwa," Mwanakhamis anasema, na ghafla anaonekana msichana wa miaka tisa juu ya mabega ya mtu. "Nilishtuka mpaka nikamwomba arudie. Kaamka Jecha alfajiri kunisindikiza huko, na bado anatikisa kichwa mpaka saa hizi."

Ni wapi huko?

"Mwenyewe karuhusu isemwe, lakini yeye awe wa kwanza kuiona, na bado mbichi." Anaushika mlango wa stoo, anausukuma pole mpaka mwanga unakatika. "Njoo kesho, saa nne. Ikishakauka, nakwambia yote."